Kitanda cha chini ni cha mama

SWALI: Hujambo mama. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Tororo. Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Alipokuwa msichana alipanda gari la moshi hadi Nairobi, akalala humo, na hadi leo hajachoka kutusimulia. Sasa kaka yake aliyeko Dar es Salaam amemwita mwezi wa saba. Nimeambiwa kwamba tukifika Mwanza kwa basi, kuna treni ya kulala hadi Dar. Nataka nikate tiketi mbili, yake na yangu, tuwe chumba kimoja nimwangalie. Je, kweli atapata usingizi? Ataswali vipi mle ndani? Na vitu vyetu vitakuwa salama?
Mwana wa mama, Tororo

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kabla hujatoa hela, sikia hili kwanza. Katika treni hizo wanawake wana vyumba vyao na wanaume vyao. Daraja la pili kulala ni chumba cha vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule. Ukikata vitanda viwili tu, mama atalala na wanawake asiowajua, nawe utapelekwa kwa wanaume, pengine behewa jingine kabisa. Saa nane za usiku akitaka kwenda msalani, hutasikia. Ili mlale pamoja inabidi mchukue chumba kizima, yaani mlipie vitanda vyote, na kwa watu wawili hiyo ni hela nyingi.

Ningekuwa wewe, ningemtafutia binti wa kufuatana naye. Una dada? Una mpwa wa kike aliyemaliza shule na hana haraka? Huyo ndiye akatiwe tiketi ya pili. Wewe wasindikize hadi Mwanza, uwapandishe, uhakikishe wamekaa, ndipo urudi kwenye pikipiki zako. Najua unatamani kuwa naye mwenyewe. Lakini mama wa miaka 68 hawezi kumwita mwanawe wa kiume chumba kilichojaa wanawake waliovua vilemba, na wewe huwezi kuingia.

Njia hiyo nimeipita mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, ambaye goti moja lilikuwa halikunjiki. Kwa hiyo ninayokuambia niliyaona kwake.

Kitanda kiwe cha chini. Mkisimama dirisha la tiketi mseme wazi: mama mzee, kitanda cha chini, na kama inawezekana chumba cha katikati ya behewa. Magurudumu yako kwenye ncha mbili za behewa, na milango na vyoo viko huko huko. Anayelala mwishoni husikia kila kiungo cha reli kikigonga chini ya sikio lake, na kila anayepita kwenda chooni hufungua mlango. Katikati pametulia. Cha chini nacho hakiyumbi kama cha juu. Reli ile ni ya upana wa mita moja, sawa na yetu ya Uganda, na juu yake behewa hucheza kama mti kwenye upepo: shina halisogei sana, kilele ndicho kinachoyumba.

Ila kitanda cha chini kina kasoro moja. Mchana huwa kiti cha wote. Wa kitanda cha juu na wa kitanda cha kati watakaa pale na mama, na hawezi kujinyoosha mpaka usiku. Dawa yake ni kuwahi kusalimiana. Mama yangu mdogo, kabla hata treni haijaondoka, alikwisha kumuuliza kila mmoja anatoka wapi na ana watoto wangapi. Kufikia saa sita mchana wa siku ya pili, wenyewe walihamia juu ili apumzishe goti lake.

Kulala atalala, lakini usiku wa kwanza mwili unasikiliza. Treni ikisimama porini gizani, ukimya ndio humwamsha mtu, si kelele. Mwambie mapema kwamba itasimama sana, na mara nyingine muda mrefu, kwa kuwa njia ni moja na lazima ipishe treni nyingine. Asidhani kuna jambo baya.

Mwezi wa saba ni wa baridi kule Singida na Dodoma. Blanketi lake mwenyewe asiliache. Hapo namkumbuka mama yako na safari yake ya usichana, kwa sababu ile treni naijua. Baba yangu alikuwa gadi wa reli hapo hapo Tororo, tulikaa kota za reli, na nilipokuwa na miaka minane alinichukua hadi Nairobi. Treni ilitupitia usiku ikitoka Kampala. Mhudumu alikuja akatandika shuka nyeupe zilizonyooshwa kama karatasi, akakunja ncha ya blanketi. Alfajiri nilizinduka nikitetemeka, pumzi yangu imetanda kwenye kioo. Baba akaniambia tuko Timboroa, juu kabisa ya njia, zaidi ya mita 2,700, karibu na mstari wa ikweta. Mtoto wa Tororo, nilikuwa sijapata kujua kwamba kwenye ikweta kunaweza kuwa na baridi ya kuuma meno. Muulize mama yako kama anaikumbuka baridi hiyo. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki likavunjika, na shuka zile sikuziona tena.

Sasa usalama. Wezi wa treni hawaingii mlangoni, wanaingia dirishani. Katika stesheni moja usiku, siitaji, niliona kwa macho yangu kijiti chenye ndoano kikipita dirishani na kuondoka na mkoba wa mwanamke aliyelala jirani yangu. Ndani mlikuwa na dawa zake za presha. Alilia hadi asubuhi, na si kwa ajili ya hela. Tangu siku hiyo nasafiri na kipande cha mti, urefu wa mkono hivi, cha kukaza dirisha lisifunguke kutoka nje. Treni ikitembea acheni hewa iingie, ikipunguza mwendo kuingia stesheni fungeni. Dawa za mama, pasipoti na hela vikae mwilini mwake, chini ya gomesi, si kwenye mkoba. Begi kubwa liwe chini ya kitanda chake, kamba yake ifungwe mguu wa kitanda.

Choo, mwanangu, ndicho kitakachomtesa kuliko vyote, na barua yako haikukigusa. Ni cha kuchuchumaa. Kwa magoti yale atahitaji mtu wa kumshika, na hii ni sababu nyingine ya kumtafuta binti. Avae viatu vya kubana, si malapa, maana sakafu huwa na maji. Ashike chuma cha ukutani. Asiende treni ikiwa imesimama stesheni, kwa sababu mabehewa ya zamani humwaga moja kwa moja relini. Maji ya bomba huisha njiani, hivyo wabebe dumu la lita tano la kunawia, mbali na ya kunywa.

Chakula kisikusumbue. Tabora wanunue asali, ila wafunge chupa vizuri. Saranda, kabla ya kufika Dodoma, wasilale: kuku wa pale wanajulikana reli nzima, na wauzaji hukimbia na masinia kando ya mabehewa. Wawe na shilingi za Tanzania ndogo ndogo, zilizobadilishwa mpakani Mutukula.

Tabora pana jambo la kuangalia. Hapo ndipo njia za Mwanza na Kigoma zinapokutana, na mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya. Treni hukaa saa nyingi na watu hushuka kunyoosha miguu. Behewa uliloliacha mbele unaweza kulikuta nyuma, au kwenye reli nyingine. Binti aandike namba ya behewa kiganjani, na mama asishuke kabisa.

Kuhusu swala: kutoka Mwanza hadi Tabora treni inaelekea kusini, hivyo kibla kiko nyuma yenu. Kuanzia Tabora inageukia mashariki hadi Dar, na kibla kinakuwa mkono wa kushoto wa anayetazama mbele. Njia hupinda, na hilo halizuiliki. Mama mwenye magoti mabovu ana ruhusa ya kuswali amekaa, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka ili moyo wake utulie. Mama yangu mdogo alitayamamu kwa mchanga mkavu alioutoa nyumbani kwenye mfuko wa kitambaa.

Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, siku mbili na usiku wake. Mama akichoka, wana njia ya kupunguza. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, inakwenda Dodoma hadi Dar, chini ya saa nne. Wanaweza kushuka Dodoma, wakalala nyumba ya wageni, kesho yake wakamalizia mchana kwa kiti kizuri. Ila najua mama yako atakataa. Anatafuta kitanda kinachotembea, na mimi ningemwachia akipate.

Treni hizi si za kila siku, kwa hiyo thibitisheni siku ya kuondoka stesheni ya Mwanza kabla hamjapanda basi. Na Mutukula mama hatavuka kwa kitambulisho cha taifa kama anavyovuka Malaba kuingia Kenya. Atataka pasipoti au hati ya safari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anzeni leo.

SWALI: Shangazi, babu yangu anasema alikuwa akilala kwenye treni kutoka Kampala hadi kwetu. Je, nitapata lini kupanda kama hiyo hapa Uganda?
Mwanafunzi, Kasese

JIBU: Babu yako anasema kweli. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na abiria walilala njiani. Treni za abiria za masafa marefu zilikoma miaka ya 1990. Tangu Desemba 2015 tuna ya kwenda kazini tu, Kampala na Namanve. Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba wa reli mpya ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Naiombea iishe salama, lakini mwendo wa namna hiyo hauhitaji kitanda. Kaa na babu, mwandikie anayoyakumbuka: majina ya stesheni, bei ya tiketi, waliuza nini dirishani. Kisha unitumie.