Picha moja, dakika ishirini

Miaka mingi nilikuwa naangalia picha za nchi za watu kwa kidole tu, naskroli weee, nikimaliza mia mbili sikumbuki hata moja, na bado najiona naijua Japani ilivyo.

Kilichonibadilisha ni ile picha ya Hokusai, mchoraji wa Kijapani, lile wimbi kubwa la buluu ambalo wengi wetu tumeliona hata kwenye fulana. Siku hiyo intaneti ilikata, ikabaki yenyewe tu kwenye skrini, nikaikodolea macho kama dakika ishirini hivi, ndo nikaona kuna mitumbwi. Mitumbwi mitatu, na ndani yake watu wameinama wameng'ang'ania makasia, na kule nyuma kamlima kadogo kenye theluji ndo Fuji wenyewe, mlima mrefu kuliko yote Japani, ukipitisha macho haraka unadhani ni povu. Nilishaiona mara kibao na watu sikuwahi kuwaona! Nikaanza kusoma habari zake, kumbe ilichongwa kwenye mbao ikachapwa nakala nyingi, kama mwaka 1831 hivi, na ile buluu nzito ni rangi iliyobuniwa Berlin zaidi ya miaka mia kabla. Yaani picha ambayo wengi tunaiona ya Kijapani kabisa ina rangi ya Ulaya ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, chukua picha moja tu kwa wiki ukae nayo. Za bure zipo tele, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York tangu 2017 limeachia picha zaidi ya 375,000 mtu yeyote azitumie.

Halafu, na hili nalishikilia sana, anza na kazi za wenyeji wenyewe kabla ya za wageni waliopita na kamera. Mtafute Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Watu walikuja wamevaa walichotaka kuonekana nacho, na pale studio kulikuwa na saa, redio, hata skuta ya kupozi nayo. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka lake la kitandani, angalia vizuri utaona nyuzi zinaning'inia pembeni. Mle hakuna mtu "wa kushangaza", kuna watu waliojiandaa.

Filamu nazo, tazama mara mbili. Za Yasujirō Ozu, mwongozaji wa Kijapani, kamera iko chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, basi mara ya pili zima maandishi ya chini uangalie nani kakaa wapi, nani anammiminia nani, nani anakwepa macho.

Na ukishika kamera wewe, omba kwanza. Mimi niliwahi kumpiga picha mama mmoja safarini bila kumuuliza, akaweka mkono usoni, ule mkono bado nauona. Nikaenda nikamwomba radhi, nikaifuta mbele yake. Akakaa kimya kidogo, akaniambia subiri, akajifunga kitambaa chake upya, akakaa wima, akanitazama moja kwa moja, ndo nikapiga. Hiyo ya pili ninayo mpaka leo.