Ukirithi gofu nyuma ya Forodhani

Tangu Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ifunguliwe upya mwaka 2009, baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, mitaa ya nyuma yake hupata wageni wa aina mbili. Wa jioni hufuata mishikaki na juisi ya miwa. Wa asubuhi, wanaotafuta nyumba ya kununua, husimama mbele ya magofu na kuuliza, "Hii nyumba ya nani?" Nawaandikia mnaoulizwa swali hilo, kwa sababu familia yetu iliulizwa sana kuhusu gofu letu la mtaa wa Shangani.

Usitaje bei kabla ya kujua unamiliki nini. Mji Mkongwe una nyumba za watu binafsi, za wakfu, na zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Unaweza kukua ukisikia "nyumba ya babu" kumbe babu aliiweka wakfu, na wakfu hauuzwi. Anzia Kamisheni ya Wakfu, kisha mirathi kwa kadhi. Warithi wetu wengine wako Muscat, na kuwapata wote wakubali wakala mmoja kulituchosha kuliko ujenzi wenyewe. Lakini ilibidi, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka huwinda familia zisizoelewana, humfuata mrithi mmoja mmoja.

Huku karatasi zikizunguka, ziba paa. Hata kwa mabati ya muda. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya juu ya ukuta huosha kile kinachoshika mawe, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila mtu kuziona. Ukija kuona ufa, kazi imeshafanyika ndani. Na kabla fundi hajagusa chochote, wekeni nguzo za kuegemeza. Beit al-Ajaib, jengo la 1883 lililo hapo hapo kando ya bustani, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa.

Fundi akikwambia lipu ya saruji ndiyo imara, mshukuru na umtafute mwingine. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, halafu hubanduka na uso wa jiwe. Tumia chokaa iliyolowekwa vya kutosha, na uvumilie inavyokauka polepole. Kibali ni cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda kwao mapema, ukiwa na picha za nyumba ilivyo.

Nyumba ikiwa imeshaanguka na kubaki kiwanja, tazama ukuta wa jirani. Ulikuwa wa ndani, sasa unapigwa na mvua. Upigeni lipu ya chokaa kwanza, hata kama hamjaamua kujenga nini. Ni gharama ndogo, na ni ujirani.

Kuhusu matumizi, kila mtu atakwambia hoteli. Jengo la zamani la simu pale Shangani liligeuzwa hoteli ya Serena mwaka 1997, basi kila mwenye vyumba vitatu anajiona Serena. Mimi sina imani na hilo. Vyumba vyetu ni vyembamba, upana wake umepangwa na urefu wa boriti, na choo cha kila chumba maana yake mabomba ndani ya kuta zilezile tulizotoka kuzikausha. Tuliweka familia juu, chini tukawapangisha wachoma mishikaki wa Forodhani: mchana wanahifadhi meza, majiko na makaa, jioni wanatoka. Kodi si kubwa, ila inaingia hata msimu wa masika wageni wanapoadimika. Baraza ya mbele tuliiacha wazi kwa wazee wa mtaa, na mkataba unakataza kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi.