Mtoto, Mtu Asiyemjua, na Siri Anayoombwa Kuitunza

SWALI: Nina mvulana wa miaka 8 na msichana wa miaka 13, na tangu wakiwa wadogo nimewakanya wasizungumze na mtu wasiyemjua. Hivi karibuni mwanamke mmoja alimsimamisha mwanangu akitoka shule, akamwambia kwamba mimi ni mgonjwa na nimemtuma amchukue. Nusura amfuate, kama si jirani aliyepita na kumwita. Wiki hiyohiyo niligundua kwamba dada yake huandikiana na mtu anayejiita kijana wa miaka 15, waliyekutana katika mchezo wa simu, na sasa mtu huyo anataka wahamie kwenye programu nyingine bila kumwambia yeyote. Je, nimnyang’anye simu? Na huyu mdogo nimwongezee mafunzo gani? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana, mama, kwa hofu iliyokupata. Mwanao hakuwa mkaidi. Mtoto wa umri huo akiambiwa ajihadhari na mtu asiyemjua, humfikiria mtu mwenye sura ya kutisha, hivyo anapokutana na mwanamke mpole anayemtaja mama yake, haoni kwamba onyo lile linamhusu mtu kama huyo. Isitoshe, watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na watu wanaowafahamu. Ndiyo maana ni afadhali afundishwe kutambua matendo: mtu mzima anayemwomba mtoto msaada ilhali wapo watu wazima wa kuombwa, anayemgusa sehemu za siri, anayempa zawadi na kumwagiza asiseme, au anayemtaka waondoke pamoja kabla mzazi hajaarifiwa. Kutoondoka na mtu kabla mzazi hajaarifiwa kuwe sheria ya nyumbani isiyobagua jamaa wala jirani.

Pataneni pia neno la siri ambalo yeyote mliyemtuma kweli atalitaja, na mlibadilishe kila linapokwisha kutumika. Mfanyishe mazoezi ya kukimbia huku akipaza sauti, “Simjui mtu huyu!”, kwani wapita njia wakisikia kilio tu hudhani ni mtoto anayegombana na mzazi wake. Mweleze vilevile kwamba akipotea anaruhusiwa kumwomba msaada mhudumu wa dukani au mama aliye na watoto. Katazo la jumla lisilo na nafasi hiyo humwacha mtoto peke yake wakati anapohitaji watu zaidi.

Kuhusu binti yako, nakusihi usianze kwa kumnyang’anya simu. Anayemrubuni mtoto mtandaoni hujenga kwanza urafiki: humsifu, humsikiliza anapowalalamikia wazazi wake, pengine humpa sarafu za mchezo, kisha humhamishia mahali pasipo na macho ya wengine, ambako huomba picha na baadaye humtisha kwa picha hiyohiyo. Katika hatua zote hizo humwonya mtoto kwamba mzazi akijua atamwadhibu, na ukimpokonya simu siku atakapokueleza, utakuwa umemthibitishia maneno ya mtu huyo. Ombi la kuhama na ombi la usiri, yakija pamoja, yanatosha kukufanya uchukue hatua leo, hata kama maneno yao mengine ni ya kawaida kabisa.

Keti naye, umwombe akuonyeshe mazungumzo hayo, na umshukuru kwa kila anachokueleza. Asijibu tena. Kabla ya kuizuia akaunti hiyo, pigeni picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na ujumbe wenyewe, kwa kuwa mazungumzo huweza kutoweka, kisha mripoti kwa wenye mchezo na kwa polisi. Iwapo amekwisha kutuma picha ya utupu, msilipe chochote wala asitume nyingine, kwa maana anayetisha akipewa huomba zaidi. Kituo cha Marekani kiitwacho National Center for Missing & Exploited Children kina huduma ya bure, Take It Down, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kuondoka kwenye simu, na mitandao inayoshiriki huitumia kuitambua na kuiondoa. Zaidi ya yote, mwambie waziwazi kwamba kosa ni la mtu huyo.

Umri wa miaka 13 unaotajwa na mitandao mingi kuwa wa chini kabisa kwa mwenye akaunti unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto. Si kipimo cha ukomavu. Kwa hiyo hakikisheni pamoja kwamba akaunti yake ni ya faragha, haionyeshi alipo, na haipokei ujumbe wa watu asiowajua, na usiku simu ilale nje ya chumba chake.

SWALI: Kila mwaka huweka mtandaoni picha ya mwanangu akiwa na sare za shule. Je, nakosea? – Baba wa mtoto mmoja

JIBU: Ndugu msomaji, hatari iko katika taarifa zinazoandamana na picha: jina lake, nembo ya shule na saa anazotoka zinamwezesha mtu kumngoja akijifanya anamfahamu. Watumie ndugu zako moja kwa moja, au ficha nembo hiyo na uondoe taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili. Mwombe pia ridhaa mtoto aliyekua kiasi cha kuelewa, kwa sababu kifungu cha 16 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinamlindia faragha yake.