Nyumba au hoteli Jambiani? Jibu kwa mwenye msafara wa watu 11

Mkuu, swali lako limenichekesha kwa sababu miaka mitatu iliyopita ningeliuliza mimi. Umesema mko 11, watoto watano, mama mkwe yumo, siku sita Jambiani kule Zanzibar, na unataka kujua kipi bora kati ya kupanga nyumba nzima na hoteli yenye chakula cha asubuhi na jioni. Mimi nimepita kote kuwili, familia ileile, pwani ileile. Kwa pesa, kwetu nyumba ilitoka nafuu, tena kwa mbali. Ila kilichotutesa hakikuwa pesa. Ni jiko na choo.

Hotelini meza zilikuwa za watu wannewanne, basi tukatawanyika kama waalikwa wa harusi wasiojuana. Watoto wakipakua soseji na chipsi, nusu inabaki kwenye sahani. Mama yangu alizunguka ile bufee mara mbili, akarudi na chai na kipande cha mkate. Siku ya pili nikamkuta chumbani anakula maandazi ya dukani, ameyafunga kwenye kanga.

Halafu kuna suala la maji, ambalo wengi wetu wa Dar hatulifikirii. Upande ule wa mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali kabisa, unatembea hadi kwenye mashamba ya mwani ya kina mama bila kulowesha goti. Na saa ya kujaa inasogea kama dakika 50 kila siku. Leo yakijaa saa mbili asubuhi, siku ya nne ni saa nne na nusu. Hoteli haijali hayo, kifungua kinywa mwisho saa nne. Siku mbili za mwanzo watoto wangu walikuwa mezani wanalia huku bahari iko pale mlangoni.

Mwaka uliofuata tukachukua nyumba. Vyumba vitatu, sebule, baraza, choo kimoja. Hapo ndipo nilipokosea. Mume wangu nyumbani ni mtu wa bukta na kifua wazi. Pale alishinda na suruali ya kitambaa, joto lote lile. Mama naye akisikia mlango wetu unalia anarudi ndani na kopo lake. Siku mbili mtu na mkwe wake wanaviziana kwenye korido moja, hakuna anayeoga kwa raha. Mwenye nyumba alikuwa na chumba uani chenye choo chake, tukaongeza pesa kidogo, mama akahamia huko na wajukuu wawili. Kwa hiyo ukipiga simu, uliza vyoo kabla ya vitanda. Vitanda si tatizo, watoto wape magodoro sebuleni, kwao hiyo ndiyo likizo yenyewe.

Jikoni sasa. Siku mbili za kwanza nilipika mimi na wifi yangu. Watu 11, mara tatu kwa siku. Wanaume wako ufukweni wanapiga picha. Wifi hakusema neno, ila namna alivyokuwa akiweka sufuria nilimwelewa. Tulikuwa tumebadilisha jiko tu, likizo ilikuwa ya wengine.

Mlinzi wa nyumba akatuletea shangazi yake. Tulikubaliana 30,000 kwa siku, vitu tunanunua sisi. Yule mama alikuwa akishuka pwani mwenyewe ngalawa zikirudi, anachagua changu au pweza, anajua bei isiyo ya wageni. Jioni ya kwanza akatandika mkeka barazani na kuweka masinia mawili ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, moja la wanaume, moja la wanawake na watoto wadogo. Mume wangu na mama wakala chakula kimoja bila kutazamana usoni, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wanataniana, kila mtu kutoka kwenye sinia lake. Wale watoto wa kuacha nusu sahani walikuwa wanagombea ukoko.

Mengine ni madogo. Pesa ya chakula kusanyeni kabla ya kupanda boti. Kwetu kuna shemeji aliyesema "nitatoa tukifika", mpaka leo hajafika. Mchele, vitunguu na viungo nunua soko la Darajani mkiwa bado Zanzibar mjini. Maji ya bombani pale kwetu yalikuwa na chumvi, hata chai haikunyweka, tukawa tunanunua madumu ya maji ya kunywa.

Na kama mama mkwe wako ana magoti mabovu, uliza kama kuna ngazi. Sisi tulisahau, na chumba cha uani kilikuwa na vidato sita.