Kabla ya kibali, mwanafunzi ajue kulinda daftari lake

Nilipokuwa mwanafunzi wa misitu niliwahoji wachoma mkaa katika kijiji kimoja mkoani Morogoro. Kwenye kila dodoso niliandika jina, kitongoji na idadi ya magunia. Siku ya nne bwana misitu akaomba kuziona karatasi zangu, nami nikampa. Kibali nilikuwa nacho, barua ya wilaya ninayo, ridhaa za wahojiwa zimesainiwa. Wiki iliyofuata mzee aliyekuwa akinikaribisha ugali kwake alitozwa faini. Hakunisalimia tena.

Leo nafundisha, na somo la maadili silianzi na vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Hivyo ni lazima, lakini mwanafunzi akishapigiwa muhuri hudhani amemaliza. Naanza na dodoso lake mwenyewe: karatasi hii ikidondoka njiani, nani ataumia? Darasa zima linasoma upya maswali yake kwa macho ya bwana misitu. "Ulikata miti mingapi bila kibali?" Kwako ni takwimu, kwa mhojiwa ni kukiri kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Kwa hiyo majina tunayafuta, tunaweka namba. Kitongoji kikiwa na wachoma mkaa wawili tu, nacho tunakiondoa.

Hata miti inahitaji kufichwa. Msandali unavunwa kwa magendo kiasi kwamba tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Usichapishe pointi za GPS za kila mti uliouona.

Kuhusu kupika data, nawaomba walimu wenzangu tuanze kujitazama sisi. Kipenyo cha mti hupimwa meta 1.3 kutoka ardhini. Nikiona vipimo vyote vinaishia na 0 au 5, najua vingine vimejazwa kivulini. Ila ni nani aliyeidhinisha ploti 40, yaani vipande 40 vya msitu vya kupimia, kwa siku kumi kwenye miteremko ya Uluguru, kwa posho ile? Punguzeni ploti, kisha nendeni mkapime upya miti kumi pamoja na mwanafunzi.

Mwaka jana mwanafunzi wangu alinipigia akiwa kijijini, sauti inatetemeka: kuna ofisa anazitaka fomu.

"Zina majina?"

"Hapana, Mwalimu. Namba tu."

Nikashusha pumzi, nikamwomba ampe ofisa simu tuzungumze.