Shangazi, mume wangu aliniacha gatini Istanbul

*Shikamoo Shangazi. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikwenda Istanbul kuadhimisha miaka 5 ya ndoa. Jumanne, siku yetu ya kuzunguka mji, alikuwa amepanga sehemu 9 kwenye simu yake. Kufika kasri la Topkapı tukakuta limefungwa. Akanuna, akaanza kukaza mwendo, mimi namfuata nyuma. Pale Eminönü, penye gati la feri, nikasimama kidogo kuwatazama wavuvi wa darajani, kugeuka, simwoni. Sina laini ya kule, sina hela, pasipoti zote anazo yeye. Nilikaa gatini karibu saa nzima mpaka aliporudi. Hakusema pole, alisema, "Umetuharibia siku." Tangu turudi tunaongea mambo ya watoto tu. Je, ndiyo kusema hatuendani?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu mifuko. Simu yenye ramani, mfukoni kwake. Hela, kwake. Pasipoti zote mbili, kwake. Bila shaka na kadi ya usafiri pia, maana Istanbulkart moja unaweza kuigusisha kwenye mashine mara mbili mkapita wawili, na wengi hununua moja ili kubana matumizi. Mfukoni kwako kulikuwa na nini? Leso, labda. Feri za kwenda Kadıköy, ng'ambo ya Asia, zilikuwa zinajaa na kuondoka mbele ya macho yako, safari ya dakika 20 hivi, nawe hata ungetaka kupanda usingeweza. Hapo ulikuwa umegeuka sanduku, mwanangu, na sanduku likisahauliwa mahali hubaki papo hapo.

Kosa lake nalisema bila kumung'unya. Topkapı hufungwa kila Jumanne, na aliyejipa kazi ya kupanga ratiba ndiye wa kuangalia siku. Halafu sehemu 9! Kasri lile peke yake linakula nusu siku. Msikiti wa Bluu husimamisha watalii nje wakati wa swala, hata uwe na haraka ya namna gani. Mkishuka kwenye hodhi la chini ya ardhi, lile la Yerebatan, kuna nguzo 336, na mwisho kabisa vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Utavitazama vipi na mtu anaangalia saa? Nadhani mwenzako alijua kwamba amekosea tangu pale getini, ndiyo maana mwendo ukabadilika. Mwanamume akiaibika mbele ya mkewe, miguu ndiyo huwa ya kwanza kusema.

Sasa nawe. Kwenye barua nzima sijaona sehemu hata moja uliyoichagua wewe. Nakisia, na nikikosea unisamehe: alikuuliza unataka kuona nini, ukamjibu, "Popote tu, wewe panga." Neno hilo linasikika kama upole, kumbe ni kumtwisha mtu mzigo wote kisha ukae pembeni umpime anavyoubeba. Wavuvi wa daraja la Galata ulikuwa unawataka wewe. Ungesema asubuhi, kwenye chai, wangeingia kwenye ratiba kama msikiti wa Ayasofya ulivyoingia.

Ile "umetuharibia siku" inauma, na pole anakudai hadi leo. Ila mtu aliyezunguka saa nzima akimtafuta mkewe katika umati wa Eminönü, huku tramu zinapishana na watu wanamiminika kutoka kwenye feri, hofu yake mara nyingi hutoka na sura ya hasira. Wewe umenisimulia saa yako. Ya kwake umewahi kuisikia? Kaeni jioni moja watoto wakishalala, mfungue picha za siku ile, mkifika pale zinapokatika umwambie ulikaa wapi na uliona nini. Kisha muulize yeye alipita wapi. "Kwa nini uliniacha" iache kwanza. Ukianza nayo atajitetea, nawe utarudi kununa.

Safari ijayo kila mmoja ashike pasipoti yake, hela kidogo na laini yake. Asubuhi mkubaliane, tukipotezana tunakutana wapi. Asubuhi iwe ya mmoja, mchana uwe wa mwingine. Na mnaweza kuachana kwa saa 3, usishtuke na neno hilo: yeye akatazame hazina za masultani, wewe ukae na bilauri yako ya chai, zile ndogo zenye kiuno, mkutane saa 10 jioni. Mtakuwa na la kusimuliana.

Umeniuliza kama hamwendani. Kutofautiana mwendo hakunishtui hata kidogo. Ninachotaka kujua ni jambo jingine. Hapo nyumbani, cheti cha ndoa, kadi ya benki, karatasi za watoto, vinakaa wapi, na ukivihitaji unavifikia bila kuomba? Kama navyo viko mfukoni kwake, niandikie tena, na barua hiyo Istanbul usiitaje.