Barafu kabla ya kukimbia kwenye joto la Dar

Mkuu, umeuliza kama kujipooza kwa barafu kabla ya kukimbia kunaufanya mwili utumie oksijeni kidogo kwa spidi ile ile. Hapo usitegemee makubwa. Faida yake iko kwingine: unaanza mbio joto la ndani likiwa chini, kwa hiyo unachelewa kuchemka.

Ukikimbia, karibu robo tu ya nguvu ndiyo inayokusogeza, iliyobaki inageuka joto. Sasa Dar mwezi wa pili, hata alfajiri pale ufukwe wa Coco, unyevu umejaa hewani. Jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu, na jasho lisilokauka halipozi kitu. Damu inakimbilia kwenye ngozi, miguu inapunjwa, moyo unadunda juu kwa mwendo uleule wa jana. Watu husema pumzi imekata, kumbe joto.

Wamarekani Meb Keflezighi na Deena Kastor walivaa fulana za barafu kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Athens 2004, wakaondoka na medali za fedha na shaba. Sisemi fulana ndiyo iliyowapa medali, maana wale walikuwa wakali tayari.

Mimi fulana hiyo sina. Natumia barafu za ukwaju, hizi za vifuko zinazouzwa mtaani. Nazitwanga humo humo kwenye kifuko mpaka ziwe rojorojo, kisha namumunya taratibu nusu saa ya mwisho kabla ya kuanza. Kiasi ni gramu 7 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 ni kama nusu lita. Barafu inapoyeyuka tumboni inabeba joto karibu mara tatu ya maji ya nyuzi sifuri, ndiyo maana maji ya friji hayafikii hapo. Ila ukibugia, kichwa kitakugonga na tumbo litakuvuruga njiani. Ijaribu mazoezini kwanza.

Miguu usiiguse. Kuna jamaa tunakimbia nao hujimwagia maji ya barafu mapajani, halafu wanaanza kama wamefungwa mawe. Taulo baridi shingoni ni tamu, lakini linapoza hisia kuliko joto la ndani, mtu anaongeza gia huku anachemka. Ukisikia kizunguzungu au kusisimka baridi juani, simama, ingia kivulini, umwagiwe maji.

Kwa kilomita 5 za asubuhi yenye kaupepo, usijisumbue. Nusu marathoni kwenye joto ndipo utaona tofauti, na hata hapo ubaridi huisha njiani, kwa hiyo maji ya vituoni usiyapite.